Uchindile ya Wadi ya Watoto

Mwisho wa wadi ya watoto, ukishapita kitanda cha ishirini na mbili, kuna sinki la kunawia mikono. Bomba lake halifungi sawasawa. Linadondosha tone, linanyamaza, linadondosha lingine. Wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu hawakuliita sinki. Waliliita Uchindile, kama kile kijiji cha mbali kinachofikiwa kwa treni, kwa kuwa ukipelekwa huko hakuna anayekuulizia, na hujui utarudi lini.

Mpelekaji alikuwa Dokta Fridolin, mwalimu wao wa magonjwa ya watoto. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Akikuuliza swali kwenye raundi ukakosea, au ukachelewa kujibu, alinyoosha kalamu yake kuelekea kule mwisho, kimya, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo. Basi. Unatoka kwenye kundi, unapita mbele ya manesi na mbele ya akina mama waliopakata watoto wao, unakwenda kusimama kwenye sinki mpaka raundi iishe. Huko huongei. Ukitoka bila kuitwa, hasaini daftari lako la mafunzo. Daftari lisiposainiwa unarudia wadi, na ukirudia ukafeli tena unadisko, unafungasha sanduku, unarudi kwenu. Hakuna aliyewahi kujaribu kutoka.

Katika wiki tatu za mwanzo, Marsiana alikwenda Uchindile mara kumi na moja.

Ukimwona siku zile usingeamini ni yule yule wa Kisawasawa. Kule kwao, pembeni ya barabara yanakopita malori, aliuza mchele na mama yake Valeria tangu siku ambazo beseni lilikuwa pana kuliko yeye. Dereva anashuka, anachota punje, anatafuna, anakunja mdomo. "Huu una chenga." Marsiana hatikisiki. "Chenga ziko kwa jirani, kaka. Huo uliotafuna ni mzima, tema kiganjani tuuangalie wote." Dereva anacheka, mzigo unapanda. Mama Valeria alimfundisha jambo moja tu kuhusu biashara: mnunuzi kukunja mdomo ni kazi yake, ameamka nayo nyumbani. "Usiangalie mdomo wake. Angalia mchele wako."

Kwa akili hiyo alipita sekondari, akapita kidato cha sita, akaingia chuo cha udaktari Ifakara. Miaka miwili ya vitabu haikumpa shida, maana kitabu hakikunji mdomo. Shida ilianza alipovaa koti jeupe akaingia wadini.

Ilikuwa siku ya pili. Aliambiwa ahesabu pumzi za mtoto mchanga wa kitanda cha tatu. Mtoto alikuwa analia, miguu juu, uso mwekundu. Marsiana alitazama saa yake dakika nzima, akaandika sitini na moja. Raundi ilipofika, mtoto ameshanyonya, amelala. Dokta Fridolin alisoma chati, akahesabu mwenyewe, akapata arobaini na mbili. Akawageukia wanafunzi.

"Nani mtaalamu wa sitini na moja?"

"Mimi, dokta."

"Kwenu wapi?"

"Kisawasawa."

"Mnalima nini?"

"Mpunga, dokta."

"Basi ndiyo maana. Umezoea kuhesabu magunia, pumzi zimekushinda." Kundi lilicheka, na waliocheka zaidi ni wale waliokuwa na hofu zaidi. Kalamu ikanyooka.

Ile ilikuwa safari ya kwanza. Nyingine kumi zilifuata kwa urahisi, kwa sababu mtu aliyeanza kujitilia shaka ana harufu, na walimu wa aina hiyo wana pua. Swali lililohitaji jibu la maneno mawili lilimkuta ameshikilia kola ya koti. Jibu analo, ameliona jana kwenye desa, zile noti za kudurufu, anaujua hata ukurasa. Lakini likifika kwenye meno linamgeukia na kumuuliza: una uhakika? Hapo hapo kalamu inanyooka. Alianza kujishusha bei mwenyewe kabla mnunuzi hajashuka kwenye gari. Asubuhi, akikaribia geti la hospitali, pale bodaboda wanapopanga foleni, alipunguza mwendo, akawaacha wenzake watangulie.

Mwenzake Evod, mcheshi wa darasa, mtoto wa fundi mitambo wa kiwanda cha sukari, alimpachika cheo. "Mwenyekiti wa kijiji! Vipi Uchindile, mvua zimenyesha?" Lakini Evod huyo huyo ndiye aliyemwonea huruma, akamfundisha namna wanafunzi wote wa wadi ile wanavyoishi.

Kila mmoja alikuwa na vitanda vinne. Kabla ya raundi ya saa mbili anapaswa kupima joto, mapigo na pumzi, na kuandika kwenye chati iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Joto lina kipimajoto, mapigo yana mashine ya kidole. Pumzi ndizo hazina mashine. Ni wewe, saa yako, na kifua cha mtoto, dakika nzima bila kupepesa.

"Wewe unahesabu kweli?" Evod alimwuliza, akashusha sauti. "Mwanangu, angalia mstari wa juu yako. Jana waliandika ngapi? Ishirini na nane? Leo andika ishirini na nane. Ukiona aibu, andika thelathini. Usipeleke habari mpya pale mbele. Habari mpya ndiyo inayoulizwa maswali."

Marsiana alifuata. Na kweli, namba zake hazikuulizwa tena.

Jumatano ya wiki ya nne ilikuwa imebaki siku mbili kabla ya kusainiwa daftari. Marsiana alipangiwa kitanda cha kumi na tisa mpaka cha ishirini na mbili. Alimwamkia Sista Rosemery, msimamizi wa wadi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Mwisho huko leo? Fanya haraka, kuna wa kuruhusiwa."

Wa kuruhusiwa alikuwa Ildefonce wa kitanda cha ishirini na mbili, mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili kutoka Chita. Aliletwa Jumapili na nimonia, akachomwa sindano, homa ikashuka. Jana ilisemwa kwamba chati ya leo ikiwa safi, anaondoka. Mama yake alishafunga vitu: vikombe, sufuria na nguo ndani ya kitenge kimoja, fundo juu, limewekwa chini ya kitanda tayari.

Marsiana alipima joto, likawa la kawaida. Akainua shati la mtoto, akatazama saa, akahesabu.

Hamsini na nane.

Akatazama mistari ya juu. Jana asubuhi: ishirini na nane. Jana jioni: ishirini na nane. Juzi: thelathini. Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Akiandika hamsini na nane, ataitwa. Ataulizwa kwa nini watu wote wamepata ishirini na nane, yeye wa magunia anapata maradufu. Atasema nini? Kwamba wenzake hawakuhesabu? Atawachoma darasa zima ili aokoe namba ambayo yeye mwenyewe hana hakika nayo? Labda amehesabu kupanda na kushuka kama pumzi mbili. Labda ni yale yale ya sitini na moja. Siku mbili tu zimebaki.

Aliandika ishirini na nane, akaweka sahihi yake mbele.

Mama Ildefonce alimtazama. "Dada daktari, yuko sawa?"

"Yuko sawa, mama."

Neno lile lilimtoka laini, na ndilo lililomtisha kuliko kalamu.

Raundi ilianza. Kwenye kitanda cha tano Dokta Fridolin alimgeukia bila kumtazama. "Kisawasawa. Mtoto anayeharisha, dalili za kuishiwa maji, anza." Marsiana alizijua zote. Aliona macho yaliyodidimia, aliona ngozi ya tumbo inayochelewa kurudi ukiivuta. Kilichotoka ni "Mmm, dokta…" Kalamu ikanyooka.

"Msalimie mtendaji wa kijiji," Evod akanong'ona alipopita.

Akasimama kwenye sinki. Tone, kimya, tone. Mbele yake, hatua mbili tu, alilala Ildefonce. Ukiwa Uchindile huna pengine pa kutazama ila kitanda cha ishirini na mbili.

Mtoto alikuwa amelala usingizi, mdomo wazi. Marsiana hakutaka kuhesabu. Aliyatazama matone. Lakini kifua kile kilikuwa kinakwenda mbio kuliko bomba, na chini ya mbavu ngozi ilikuwa inabonyea ndani kila mtoto alipovuta, kama mfuko unaonyonywa hewa. Matundu ya pua yalipanuka na kusinyaa. Akajikuta ameinua mkono wenye saa. Dakika ya kwanza: hamsini na tisa. Akajiambia amekosea. Dakika ya pili: hamsini na nane. Ya tatu: sitini.

Mama mtu alikuwa anamwona. "Dada," alisema polepole, akijua kwamba yule aliyesimama pale amefungiwa mdomo, "tumeambiwa tunaondoka leo. Mbona anapumua kama mtu aliyekimbia? Toka alfajiri hataki ziwa."

Marsiana alikumbuka mtoto mchanga wa siku ya pili, aliyekuwa akilia alipomhesabu, amelala alipohesabiwa na mwalimu. Likamjia jambo alilolijua tangu utotoni, ambalo koti jeupe lilimsahaulisha. Mpunga ukiupima asubuhi na umande wake, una uzito wake. Ukiuanika ukaupima mchana, una uzito mwingine. Gunia ni lile lile, mizani ni ile ile, na hakuna aliyedanganya. Mtoto anayelia anapumua sitini na moja. Akitulia, arobaini na mbili. Alihesabu sawa siku ile. Alikosea wakati wa kupima, na hakuna aliyemwambia.

Na huyu aliye mbele yake hakuwa analia. Amelala. Hamsini na tisa hii ni kavu.

Raundi ilikuwa kitanda cha tisa. Marsiana alipiga hesabu kama anavyopima safari ya lori. Wataendelea taratibu mpaka cha kumi na tano, halafu dokta atachoka, atatazama saa ya ukutani, na vitanda vya mwisho atavisoma kwa chati tu. Atasoma ishirini na nane, ishirini na nane, joto sawa. Atasema, "Huyu aende." Fundo la kitenge litapanda begani, mtoto atafunikwa kichwa, na njia ya kwenda Chita ni ndefu.

Angeweza kuigeuza namba. Kalamu ilikuwa mfukoni, chati iko hatua mbili. Lakini namba iliyobadilishwa kimya ingesubiri raundi ifike kitanda cha ishirini na mbili, na mtoto hakuwa na muda wa kusubiri. Tena itakuwa uongo wa pili juu ya wa kwanza.

Akatoka.

Wadi nzima iligeuka kabla dokta hajageuka. Viatu vyake vilikuwa vinalia sakafuni, kitu ambacho hakuwahi kukigundua. Evod alimtolea macho ya kusema: rudi, wewe, rudi.

"Dokta."

Dokta Fridolin hakuinua uso kutoka kwenye faili. "Nani amekuita?"

"Kitanda cha ishirini na mbili. Mtoto anapumua hamsini na tisa. Mbavu zinabonyea."

"Kitanda cha ishirini na mbili ni wa kuruhusiwa. Chati inasemaje?"

"Inasema ishirini na nane."

"Nani ameandika?"

Hapa Marsiana aliona wazi bei yote ya biashara ile.

"Mimi, dokta."

Mtoto mmoja alikohoa upande wa dirishani.

"Kwa hiyo uliongopa asubuhi, au unaongopa sasa?"

"Asubuhi."

Dokta alifunga faili. Akatembea mpaka mwisho wa wadi, kundi lote nyuma yake kama watu wanaofuata jeneza. Akasimama kando ya Ildefonce, akainua mkono wenye saa.

"Hesabu. Kwa sauti."

Marsiana alipiga magoti kwenye sakafu ili macho yake yawe sawa na kifua cha mtoto. "Moja. Mbili. Tatu." Sauti ilikuwa inapasuka kama ya mtu aliyetoka kulia. Kufika ishirini, hofu mpya ilimvaa: je, mtoto akitulia sasa hivi? Je, ikitoka arobaini, mbele ya wote hawa? Kwa nukta moja, Mungu amsamehe, alitamani mtoto aendelee kuumwa ili yeye awe mkweli. Aliiona tamaa hiyo, akaionea haya, akaendelea. "Arobaini na moja. Arobaini na mbili." Mama Ildefonce alikuwa anasogeza midomo pamoja naye.

"Basi," dokta akasema.

"Hamsini na nane."

Dokta alikuwa amehesabu kimya. Hakusema alipata ngapi. Aliweka mashine ya kidole kwenye kidole gumba cha mguu wa mtoto, akasubiri, akasoma oksijeni ya damu: themanini na nne kwa mia.

"Sista, oksijeni. Sasa hivi."

Sista Rosemery alikuwa ameshaianza safari. Ikaja mashine, ikaja mipira ya puani, zikaja sindano nyingine. Fundo la kitenge lilipigwa teke bila kukusudia, vikombe vikagonganagongana chini ya kitanda. Marsiana alisukumwa pembeni, akarudi ukutani penye sinki bila kuambiwa.

Mtoto alipotulia kidogo, Dokta Fridolin alirudi nyuma kitanda kwa kitanda, akisoma chati. Kitanda cha ishirini na moja: pumzi ishirini na nane. Cha ishirini: ishirini na nane. Cha kumi na tisa: ishirini na nane. Cha kumi na nane: thelathini. Cha kumi na saba: ishirini na nane. Alisoma kwa sauti, moja moja, mpaka kitanda cha kwanza.

"Wadi nzima inapumua pamoja," alisema, "kama kwaya." Hakuna aliyethubutu kucheka. "Nani alihesabu leo?"

Hakuna mkono uliopanda. Evod alikuwa anatazama kucha zake.

"Nani alihesabu wiki hii?"

Sista Rosemery alimsogelea. Alisema kwa sauti yake ile ya chini, lakini wadi ilikuwa kimya kiasi kwamba kila mtu alisikia. "Dokta, hawa watoto wa chuo wanakuogopa wewe kuliko wanavyoogopa mgonjwa kufa."

Dokta alikwenda kwenye sinki, akafungua bomba, akanawa. Alinawa muda mrefu, mgongo kwa watu, kichwa chini.

"Leo amepanda treni mwenyewe," Evod alinong'ona, lakini utani ulimkauka mdomoni, akapangusa jasho.

Mambo hayakuishia vizuri kama mtu angependa. Marsiana aliandika maelezo kwa mkono wake, kurasa mbili, kwamba aliandika namba isiyo ya kweli kwenye chati ya mgonjwa. Ijumaa aliitwa ofisini kwa mkuu wa idara. Alipewa barua ya onyo, daftari halikusainiwa, na akaambiwa atarudia wadi ya watoto wiki nne wakati wenzake wako likizo. Wengine waliokiri baadaye walipewa wiki moja ya kurudia. Wasiokiri walisainiwa. Yeye alipiga simu Kisawasawa.

"Kwa hiyo mtoto mzima?" Mama Valeria aliuliza.

"Yuko kwenye oksijeni. Ameanza kunyonya."

"Na hiyo barua inakufukuza?"

"Hapana, mama. Ila nikikosea tena…"

"Sijauliza ukikosea. Nimeuliza inakufukuza?"

"Haifukuzi."

"Basi lala. Mchele unakuja Jumanne na Wendelin wa basi, mpokee stendi."

Ildefonce aliondoka baada ya siku tisa. Siku hiyo mama yake hakufunga kitenge mpaka alipomwona Marsiana amepiga magoti, amehesabu, ameandika thelathini na mbili. Hata hapo aliuliza, "Umehesabu kweli, dada?" Swali lile lilimchoma, na alijua amelistahili. "Nimehesabu mara mbili, mama."

Likizo ilipofika, Marsiana alirudi wadini peke yake, katikati ya kundi la wanafunzi wasiomjua. Asubuhi ya kwanza getini, alipunguza mwendo vile vile. Hofu haikuwa imepungua hata kidogo; alishaacha kuingoja ipungue ndipo aingie.

Kwenye kitanda cha sita Dokta Fridolin alimgeukia. Kalamu mkononi.

"Kisawasawa. Kwa nini mtoto huyu ana ini kubwa?"

Marsiana alitafuta. Safari hii kichwani hapakuwa na ukurasa wowote.

"Sijui, dokta."

Hakuwahi kulisema neno hilo ndani ya wadi ile. Kwa mazoea, mguu wake ulishaanza kugeuka kuelekea kwenye sinki.

"Nimekuambia uende?"

"Hapana, dokta."

"Basi simama hapa." Kalamu ilibaki hewani kidogo, kama isiyojua pa kwenda, ikarudi mfukoni. "Pumzi zake ngapi?"

Marsiana aliinua mkono wenye saa. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kuhesabu.